Saa Elfu Tisa

Mpiga chapa wa mahakama hakutulia tangu asubuhi. Laptopu mpya ilikuwa mezani, na alitaka kuhamishia humo sauti ya mama yake, masimulizi ya miaka sita aliyoyarekodi kabla kiharusi hakijamfunga mama ulimi. Ile ya zamani ilishaanza kuzimika ovyo. Lakini hii mpya ilikoroma. Boksi lilisema diski yake ni ya aina isiyozunguka, isiyotoa sauti. Akaitegea sikio, akaenda dirishani, akarudi, akaitegea tena.

Mwisho akamwita mke wa kaka yake, fundi wa kompyuta. "Wifi, njoo usikilize."

Wifi alikuja na bisibisi, ila hakuitumia. "Tuiulize yenyewe kwanza." Akaweka programu ya kukagua diski. Majibu yakaja: diski ya kuzunguka, imefanya kazi saa elfu tisa, sehemu arobaini na moja zimeharibika.

"Elfu tisa? Nimeinunua juzi."

"Basi wamekuoza bibi harusi mwenye wajukuu."

Mpiga chapa hakucheka. "Jana nilihamisha masimulizi matatu. Kwenye ile ya zamani nikayafuta."

Wifi akachomeka diski ya nje. La kwanza likanakilika. La pili pia. La tatu likagoma njiani. Mpiga chapa alizunguka chumba, akapanga viti vilivyokuwa vimepangwa.

"Kaa chini, wifi yangu. Unanitetemesha mikono."

Hakukaa. Mara ya nne likapita, ila katikati palikuwa na pengo la sekunde kumi.

Mchana huohuo wakairudisha dukani. Muuzaji aliapa kwamba ni mpya, hadi alipooneshwa zile saa; akakuna kichwa, akawapa nyingine. Wifi aliikagua hapohapo wamesimama: haizunguki, imefanya kazi saa mbili tu. Wakaichukua.

Jioni, mpiga chapa alimwekea mama lile la tatu. Mama alikuwa akisimulia alivyomtoroka mchumba wake wa kwanza kwa kupitia dirisha la jikoni. Pengo lilimeza jina la mchumba.

"Mama, alikuwa nani huyo?"

Mama akamtazama. Akafumba mdomo kwa makusudi, kisha upande mmoja wa uso ukaanza kucheka, mabega yakafuata. Mpiga chapa naye akacheka, hatimaye akavuta kiti, akakaa.