Onyesho la Alhamisi

Katika shule ile ya bweni ya wavulana, kila kitu kilizunguka kwaya. Hesabu zilifundishwa, jiografia ilifundishwa, lakini kengele ya kwanza ya asubuhi ilikuwa ya kupasha sauti, na mwanafunzi aliyeamka na mafua alipewa maji ya chumvi asukutue kabla hajaulizwa kama ana homa. Kila mwaka wavulana arobaini na wawili walipanda basi la shule na kuzunguka miji wakiimba, na sifa walizorudi nazo ndizo zilizojenga ghorofa ya pili.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mlezi wa bweni, mjane asiye na mtoto, na kwa miaka kumi na minne alisafiri na kwaya, akipiga pasi majoho, akikagua masikio na kucha, akijua nani bado anakojoa kitandani na kumtunzia siri yake. Wavulana walimpenda, naye alijua wanampenda, na hilo lilimtosha.

Mwaka huo mwimbaji wa mbele alikuwa mvulana wa miaka kumi na mbili waliyemwita Zumari. Sauti yake ilipanda juu bila kujikaza, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwao. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache. Wakiwa safarini wavulana hawakuruhusiwa kuwa na simu, kwa hiyo kila Jumapili walipanga foleni kupiga kwao kwa simu ya Shangazi. Zumari akipiga, baba yake aliuliza mambo mawili tu: umekula, na umelala vizuri. Kisha walikaa kimya pamoja, kila mmoja upande wake, mpaka wa nyuma kwenye foleni aanze kulalamika.

Jumanne ya wiki ya mwisho ya safari, Shangazi alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hosteli waliyofikia, pasi mkononi, mwalimu wa kwaya alipoingia na kufunga mlango. Alikuwa mwembamba na mrefu, na wavulana walimwita Kijiti, kwa umbo lake na kwa kile alichoshika akiwaongoza. Siku hiyo alikuwa amepauka.

"Mkuu wa shule amepiga," alisema. "Baba yake Zumari ameanguka kutoka kwenye paa alipokuwa akifunga vyuma. Jana jioni. Hakufika hospitali."

Shangazi aliweka pasi chini. Akakalia kapu la nguo.

"Umeshamwambia?"

"Hataambiwa. Si sasa. Mkuu amesema tumalize onyesho la Alhamisi kwanza. Litarushwa redioni, nchi nzima, na bila yeye hatuna wimbo wa mwisho."

"Na mazishi?"

Kijiti aliangalia sakafu. "Alhamisi."

"Mwalimu, hapo mapokezi wamebandika ratiba ya treni. Ipo ya leo jioni, inafika kesho mchana. Mimi nitampeleka."

"Na majoho arobaini na mawili atayapiga pasi nani? Nani atawaangalia wengine?" Akalegeza sauti. "Shangazi, hata mimi roho inaniuma. Lakini amri imetoka juu. Ni siku mbili tu. Tufunge midomo."

Shangazi angeweza kubisha. Angeweza kumshika mtoto mkono na kwenda naye stesheni, na waliobaki wakavaa majoho yenye makunyanzi. Alikuja kuyafikiria hayo yote baadaye, mara nyingi kuliko nywele za kichwa chake. Siku ile alinyanyuka, akaichukua pasi, akaendelea na joho alilokuwa ameliacha nusu.

Jumatano baada ya mazoezi Zumari alimfuata kule kule chumba cha kufulia. Alikuwa anahema, amekuja mbio.

"Shangazi, naomba simu yako dakika moja tu. Najua si Jumapili. Nataka kumwambia baba afungue redio kesho. Asipoambiwa mapema atakuwa kazini na ile mashine yake ya kelele, hatasikia kitu."

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Shangazi aliusikia uzito wake pajani.

"Imezima, mwanangu. Haina chaji."

"Nikusubiri uichaji?"

"Nenda ukale. Tutaona baadaye."

Zumari alikuwa amefika mlangoni simu ilipolia. Alisimama, akageuka nusu. Shangazi aliinamia joho kana kwamba anatafuta kifungo kilichodondoka. Mlio ukaendelea, ukakatika wenyewe. Mvulana alitoka, akauvuta mlango taratibu mpaka ukafunga.

Alhamisi aliimba. Wanaojua muziki walisema hawajapata kusikia sauti ya mtoto ikienda vile. Shangazi alisimama nyuma ya pazia na taulo mkononi. Watu ukumbini waliposimama kupiga makofi, yeye alikuwa ameziba mdomo kwa taulo ile.

Kijiti alimwambia Zumari ndani ya basi, saa moja baada ya onyesho, akiwa amekaa naye viti vya mbele. Shangazi hakusikia maneno yenyewe. Aliona tu kisogo cha mtoto, kimetulia, hakigeuki huku wala huku. Alipokwenda kukaa naye na kumfunika blanketi, Zumari aliuliza bila kumtazama:

"Wewe ulijua lini?"

"Jumanne."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizia njia akaelekezwa, akaegemea dirisha. Hakulia mbele yake, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Ijumaa walifika, naye akapelekwa kwao moja kwa moja. Kaburi lilikuwa na siku moja. Baada ya wiki alirudi shuleni, lakini aliyerudi alikuwa mwili tu. Kwenye mazoezi alisimama mahali pake, akafungua kinywa pale wenzake walipofungua, akakifunga walipofunga, na sauti haikutoka. Kijiti alimbembeleza, akamhamishia mstari wa nyuma, akampeleka kwa daktari wa koo, ambaye alisema koo ni zima kabisa. Muhula ulipokwisha, Mkuu aliandika barua: nafasi ya bweni ni ya waimbaji.

Siku ya kufunga shule wazazi walikuja, masanduku yakatolewa, uwanja ukawa mtupu. Wa Zumari hakuja mtu.

"Mama hatakuja," alisema Zumari akiwa amekalia sanduku lake. "Hasemi na mimi."

"Ana uchungu, mwanangu. Mpe muda."

"Na wadogo zangu anasema nao."

Shangazi alimpeleka mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, na mbele yake karakana ya marehemu, mageti mawili yasiyomalizika yameegemezwa ukutani, moja tayari limeanza kushika kutu. Mama alikuwa ndani, akikunja nguo za kiume na kuzipanga kwenye boksi. Hakumkatalia mgeni kiti, ila hakuinua macho.

"Kumbe mmemchoka," alisema. "Nilidhani mtakaa naye milele huyo mwimbaji wenu."

"Dada yangu, nimekuja kukuomba radhi. Hatukupaswa kumficha mtoto."

Mikono ya mama ilisimama juu ya shati. "Kumficha nini?"

"Msiba."

"Hamkumficha. Mkuu wenu alinipigia Jumanne hiyo hiyo. Akasema kijana ameambiwa, amelia, kisha amekata shauri mwenyewe abaki akawaimbie wenzake. Akaniambia nijivunie." Alilikunja tena shati. "Niliwaambia ndugu wa mume wangu tungoje, huenda akabadili mawazo. Tukaliweka jeneza juani, watu wakininong'ona. Mtoto wa kwanza, na hakuja kumzika baba yake kwa sababu ya wimbo."

Shangazi hilo hakulijua. Alidhani ameshika siri moja, kumbe ilikuwa nusu tu, na nusu ya pili ilikuwa ikimla mtu huku.

"Hakuambiwa, dada. Aliambiwa Alhamisi, baada ya kuimba. Jumatano alikuja kwangu kuomba simu, amwambie baba yake afungue redio. Nilimdanganya kwamba haina chaji. Mimi, kwa kinywa changu."

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza. Alimtazama muda mrefu, shati la mumewe bado mkononi. Kisha akaita jina la nyumbani la mwanawe, na Zumari akaja akasimama mlangoni.

"Uliambiwa lini kuhusu baba?"

"Alhamisi. Kwenye basi." Akatazama mmoja, akatazama mwingine. "Kwani hukujua?"

Mama aliketi sakafuni pale pale. Zumari hakumkimbilia. Alisogea hatua moja, akangoja, kisha nyingine, mpaka mama akamshika kifundo cha mguu na kukikumbatia, akilia kwa sauti ambayo majirani walitoka kuisikiliza. Miezi mitatu alikuwa amemnyima mtoto wake neno la heri.

Shangazi alisimama kuaga. Mama alizungumza bila kuinua uso.

"Umefanya vizuri kuja. Lakini sitaki kukuona tena hapa."

"Nimesikia, dada."

Asubuhi iliyofuata aliingia ofisini kwa Mkuu na kumwambia alichokijua. Mkuu alikunja uso, akasema kiongozi hubeba mambo mazito ambayo wadogo hawayaelewi, na kwamba sauti ile ilikuwa na miezi michache tu kabla haijavunjika. Shangazi aliweka funguo za bweni mezani. Hakuna aliyemzuia. Kwaya ilipata mlezi mwingine na mwimbaji mwingine, na basi likaendelea kuzunguka.

Alipata kazi kwenye duka la dobi mjini. Habari alizipata kwa vipande: kwamba Zumari anasoma shule ya kutwa, kwamba jioni anajifunza kuchomelea kwa rafiki wa baba yake, kwamba haimbi hata akioga. Mwaka wa pili, siku moja, mama yake aliingia dukani. Hakuwa na nguo ya kufuliwa. Alisubiri zamu yake kama wateja wengine.

"Amenituma," alisema alipofika dirishani. "Ana jambo linamsumbua na hataki kumuuliza yule mwalimu. Anataka kujua siku ile alianza kuimba saa ngapi."

Shangazi alikumbuka vizuri, maana yeye ndiye aliyempanga mstarini nyuma ya pazia akiangalia saa ya ukutani. Angeweza kusema saa yoyote.

"Saa kumi na robo alasiri."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Saa kumi tulimteremsha," alisema. "Na robo tulikuwa tunafukia."

Hakuondoka mara moja. Alisogea pembeni kuwapisha wenye foleni, akakaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Shangazi alihudumia watu watano, sita. Mama alipoinuka, alimpa mkono kupitia dirishani, akasema atamfikishia mtoto jibu lake, akatoka.