Utaniua, Wifi

"Sasa unanusa nini, wifi? Huo si uji."

Mpiga pasi alikuwa ameinamia ndoo ya wanga wa kukazia kola, akavuta pumzi mpaka ncha ya pua ikalowa. Akahesabu hadi mia. Kifua kimya.

"Siyo wanga," alisema, kama hakimu anayemwachia mshtakiwa.

Jumatatu alikuwa amenusa sabuni ya unga. Jumanne alikung'uta blanketi usoni pake. Bosi wao pale kwa dobi alishasema: akibanwa na pumu mara moja tu tena, meza ya pasi atapewa mwingine. Miaka kumi na mmoja ameishika meza ile. Mashati ya watu anayajua kwa mikunjo ya viwiko. Alitaka kumjua mwizi wa pumzi yake kabla hajafukuzwa kwa kosa la mwizi huyo.

Wifi yake, mke wa kaka yake, kazi yake ilikuwa kukunja, na upelelezi huu ulishamchosha. Akachukua suruali ya mteja mmoja mnene, akatia miguu yake yote miwili katika mguu mmoja, akarukaruka hadi katikati ya chumba.

"Kaka yako huyu, asubuhi, anatafuta mlango kwa tumbo!"

Mpiga pasi akacheka mpaka akaegemea meza. "Basi! Mbavu sina! Utaniua, wifi!"

Nani aliwahi kuambiwa hivyo akaacha? Wifi akaupandisha mkanda hadi kifuani, akakoroma.

"Uta... niua..."

Kicheko kikageuka filimbi. Wifi hakusikia, aliruka na kuruka, hadi alipoona pasi imelala juu ya shati jeupe na moshi unapanda. Akaanguka, akatambaa, akamtolea kipulizio cha dawa mfukoni.

Kifua kilipofunguka, neno la kwanza lilikuwa, "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Suruali. Ila polepole, nisikilize."

"Una wazimu!" Wifi alikuwa analia.

Muuguzi wa zahanati hakushangaa. Kicheko nacho huamsha pumu, alisema, hasa kifua kikiwa hakijatulia. "Dawa ya kila asubuhi unavuta?"

Mpiga pasi akatazama viatu vyake. Aliiacha siku alipojiona mzima.

Bosi alisikiliza yote, shati lililoungua likiwa mkononi mwake. "Nakupa wiki moja. Na msicheke."

Dawa ikarudi kila asubuhi. Siku nne chumba kikawa kama chenye msiba. Siku ya tano mpiga pasi akashindwa.

"Wifi, unanikunjia nguo kama mkwe! Sema chochote."

"Nikikuua je?"

"Hilo neno tuliache. Nikitaka ukome kweli, nitagonga meza."

Wifi akamtazama kifua, si uso. "Jana kaka yako," alianza taratibu, "aliingia bafuni na mwavuli..."

Akanyamaza hapo.

Mpiga pasi akainua pasi kwenye kola, akaisimamisha wima, midomo imeshaanza kumcheza. Mvuke ukapanda kati yao. Wakasubiri, wote wawili, wakisikiliza.