Kidole Kilichoidhinishwa

Daktari alichoma sindano ya ganzi kwenye shina la kidole cha kati tu. Alichoma upande huu, akachoma na upande wa pili, akasubiri, kisha akakigusa kwa ncha ya kalamu na kumuuliza mgonjwa kama anasikia kitu. Mgonjwa akasema hasikii.

"Na hiki?" akauliza, akikionyesha kwa mkono wa kushoto kidole cha shahada, kilicholala kando ya mwenzake, kimevimba, ncha yake imegeukia dirishani.

Daktari alikitazama kidogo tu.

"Hicho hakijajibiwa, mama."

Kiwandani walimwita Mama Kola. Alikuwa ameshona kola za mashati kwa muda mrefu hata wenzake walijua shati lililopita mikononi mwake bila kutafuta alama. Asubuhi ile alikuwa amekwenda stoo kuchukua uzi, na toroli lililobeba majora ya vitambaa likateremka lenyewe na kumbana mkono kwenye fremu ya mlango. Msimamizi alimfunga kitambaa, akamwambia aende hospitali na kadi yake ya bima, halafu, akiwa tayari mlangoni, akamkumbusha kwamba njia ile haikuwa ya washonaji.

Hospitalini alipita kwanza kwa karani wa bima, dada mmoja mpole aliyekaa nyuma ya kioo. Dada alimweleza utaratibu. Kila mfupa uliovunjika una namba ya aina yake, vidole vyote namba moja; namba inatumwa bima, bima inajibu, na hapo ndipo daktari anaweza kuugusa. Kidole cha kati kilijibiwa kabla hajamaliza kueleza. Cha shahada kilirudi na mstari mwekundu. Akakituma tena, kikarudi tena. Akaigeuza kompyuta ili mama mwenyewe aone: namba ni ile ile, mkono ni ule ule, siku ni ile ile. Dai limerudiwa.

"Waandikie ni viwili," Mama Kola alisema.

"Nimeandika, mama. Wao wanaona ni kile kile."

Mama Kola aliuinua mkono hadi kwenye kioo. "Lakini wewe si unaviona?"

"Mimi naviona," karani akasema. "Ila mimi siyo ninayelipa."

Ndiyo maana sasa alikuwa amekaa kwenye chumba cha mifupa na ganzi ya kidole kimoja. Alifikiri kidogo, kisha akamwambia daktari kwamba kama ni lazima kiwe kimoja, basi amtengenezee hiki cha shahada. Hiki ndicho kinachosukuma kitambaa chini ya sindano. Cha kati kinafuata tu.

"Kilichoidhinishwa ni cha kati."

"Kukivuta hiki kunachukua muda gani?"

"Dakika moja." Daktari aliutazama mlango uliokuwa wazi. Alikuwa kijana, na shingo yake ilikuwa nyembamba ndani ya koti kubwa. Kwa sauti ya chini akamwambia kwamba mwenzake aliwahi kunyoosha mkono wa mtu bila namba, na hospitali ikamkata mshahara: dawa, bendeji, hata matumizi ya chumba. "Nitakifunga pamoja na mwenzake kisichezecheze. Majibu yakija nakivuta."

Akakivuta cha kati. Mama Kola alisikia mlio mdogo, kama wa uzi unaokatwa kwa meno. Maumivu hayakuja. Yalikuwa yote kwenye kile kingine.

Mumewe, aliyekuwa dereva wa lori la takataka, alijifunza kumfunga vifungo vya nguo mgongoni na kumchana nywele. Vidole vyake vilikuwa vinene na alivuta mno, lakini mkewe hakulalamika. Kila alipoweza, Mama Kola alirudi hospitalini kuuliza. Mara aliambiwa inahitajika picha mpya ya eksirei. Mara aliambiwa afike kama mgonjwa mpya, maana ziara ya kwanza ilikwishafungwa. Mara iliyofuata bima ilitaka kiwanda kithibitishe kwamba ajali ilikuwa moja na vidole viwili. Ofisa wa wafanyakazi alimpokea vizuri, akamkalisha, akamweleza kwamba hilo haliwezekani, kwa sababu kiwanda kilikwishatoa taarifa ya kidole kimoja, kulingana na kile hospitali ilichotibu. Wakiandika viwili wataonekana walidanganya.

"Sawa," Mama Kola alisema. Siku hizo alikuwa akisema sawa kwa kila mtu.

Uvimbe ulishuka. Maumivu nayo yakapungua, akaanza kulala usiku kucha, na mumewe akafurahi. Hakuna aliyewaambia kwamba huko ndani mfupa ulikuwa unajishika wenyewe, pale pale ulipoachwa.

Idhini ilipokuja, alikwenda akiwa amevaa gauni lake zuri. Daktari aliifungua bendeji, akapiga picha, akaitundika kwenye taa na kuitazama kwa muda mrefu akiwa amempa mgongo. Kisha akamwambia kwamba kidole kimeshaunga. Kimeunga kwa kupinda. Hakuna cha kuvuta tena. Sasa lazima kivunjwe upya kwenye chumba cha upasuaji, na hiyo ni namba nyingine kabisa.

Karani aliituma namba hiyo nyingine mbele yake. Jibu lilikuja haraka. Kasoro ya zamani. Si dharura. Kadi hailipii marekebisho ya umbo.

"Wanakuchukulia kama mtu anayetaka kubadilisha pua," karani alisema, akitaka kueleza, halafu akainamisha macho kwenye kibao cha herufi.

"Ilikuwa mpya nilipokuja."

"Ndiyo, mama."

Jioni ile mumewe aliushika mkono, akaunyoosha mbele ya taa, akasema sasa mke wangu ukimnyooshea mtu kidole, kesi inamwangukia jirani yake. Mama Kola alicheka. Alicheka kwa sababu ilichekesha kweli, na alipomaliza hakuwa na kitu kingine cha kufanya na uso wake, akaenda kulala.

Alirudi kazini. Kidole cha kati kilikuwa kimenyooka vizuri, hakina kazi. Cha shahada kiliteleza juu ya kitambaa na kwenda pembeni, na kola zikatoka na mkunjo. Msimamizi alizipanga mezani, hakugomba, akamhamishia kwenye meza ya wakata nyuzi, ambako watu husimama na malipo ni ya chini. Kwenye cherehani yake alikaa binti mmoja mgeni, ambaye siku ya kwanza alimfuata kwa adabu kumuuliza kwa nini pedali inagoma. Mama Kola akamwonyesha pa kukanyaga. Jina waliendelea kumwita lile lile, kwa mazoea.

Kisha hospitali ikapiga simu. Karani alisema anahitajika afike, ni muhimu, ni kuhusu kidole. Mumewe aliomba ruhusa akampeleka mwenyewe, na njiani kila mmoja aliogopa kumpa mwenzake matumaini.

Ilikuwa kuhusu cha kati. Siku ya matibabu mashine ya kuthibitisha wagonjwa ilikuwa mbovu, karani alieleza, na bila uthibitisho bima haiwalipi. Ni jambo dogo tu. Akakisukuma kimashine kidogo cheusi kupitia tundu la kioo.

"Weka kidole ulichoandikishia kadi. Shahada, mkono wa kulia."

Mama Kola akakiweka. Kiligusa kioo cha kimashine kwa ukingo wake tu, na taa ikawa nyekundu. Akageuza kifundo cha mkono. Nyekundu. Akajaribu kuinamisha bega, akasimama kwa ubavu, watu wa foleni wakisogea kumpisha. Nyekundu.

Karani alitoka nyuma ya dirisha. Alisema samahani, mama, akauweka mkono wa mgonjwa sawa juu ya meza, akaweka kidole gumba chake juu ya kiungo kilichopinda, akakandamiza. Mumewe alisogea hatua moja, akasimama. Karani akakandamiza zaidi, kwa uzito wa mwili, mpaka nyama yote ya ncha ikalala juu ya kioo.

Taa ikawa ya kijani.

"Tayari," alisema, akihema kidogo. "Matibabu yamethibitishwa."

Akaachia. Kidole kikarudi taratibu kwenye mpindo wake. Karani akakifuta kimashine kwa pamba, akazunguka kurudi kitini, akamwita anayefuata.