Jiwe la Jumapili

Pudensiana, muuguzi mstaafu, alikuwa amefikia nyumba ya wageni Ikoma pamoja na binti yake. Asubuhi, wakiwa njiani kwenda kutazama nyumbu, alimwomba dereva asimame chini ya kilima kimoja. Akapanda polepole hadi kwenye jiwe ambapo zamani, alipokuwa mgeni kazini, alikaa kila Jumapili na muuguzi mwenzake Robi wakila viazi vya kuchemsha. Akampigia Robi simu kule Tarime, ambako sasa miguu haimruhusu kutoka nyumbani.

"Niko juu ya jiwe letu."

Robi akauliza, "Mto unaonekana bado?"

"Unaonekana. Na swala wanakunywa maji."

"Basi usishuke haraka, Pude. Nisimulie yote."

Machozi yakimlengalenga, Pudensiana akakaa, akaanza na mto.