Ufunguo wa Choo cha Mwenyekiti

Kwa maneno, mwenyekiti wa kamati ya afya ya mtaa hakuwa na mpinzani. Aliwazungukia watu nyumba kwa nyumba, jua la utosi, akihimiza vyoo mpaka wakambandika jina: Bwana Choo. Hakukasirika hata kidogo. Wafadhili walishasema wazi kwamba zahanati itajengewa tangi la maji mtaa ukithibitisha kila mtu anatumia choo, na tangi lile alikuwa akiliota usiku na mchana.

Siku ya kuthibitisha ikafika. Muuguzi wa zahanati akachora ramani ya mtaa kwa chokaa kwenye uwanja wa zahanati: njia, mtaro, zahanati na kichaka cha nyuma yake, kila nyumba na mraba wake. Pembeni akaweka ndoo ya majivu. Kila mkazi achote kidogo, akamwage kwenye ramani, pale anapojisaidia mchana.

"Msione haya," alisema. "Tunatafuta ukweli tu."

Watu wakacheka, wakachota, wakamwaga. Wote nyumbani kwao. Mwenyekiti akawa anatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Ndipo mama yake mzazi akainuka na mkongojo wake. Akachota. Akaupita mraba wa nyumba ya mwanawe, akavuka mtaro, akamwaga kichakani, nyuma ya ukuta wa zahanati.

Kisha mmoja akaguna, mwingine akaangua kicheko.

"Mama," muuguzi akamwuliza taratibu, "kwenu si kuna choo? Kile cha vigae?"

"Kipo, mwanangu. Kizuri kweli."

Mwenyekiti akadakia upesi. "Jamani, mama umri umekwenda. Siku hizi anachanganya mambo. Futeni hilo, tuendelee."

Yakamtoka hivyo hivyo, mbele za watu, juu ya mama aliyemzaa! Na bibi yule akili zake zilikuwa timamu. Ndiye aliyekuwa akimkumbusha mwanawe kila asubuhi miwani yake iko wapi. Alimtazama mwanawe. Akainama kwa tabu, akaanza kuyazoa majivu kwa kiganja.

"Basi nimekosea," akasema. "Nisije nikawakosesha tangi lenu."

Mkono wa mwenyekiti ukaenda mfukoni wenyewe. Ufunguo ulikuwa humo. Choo alikitia kufuli ili wapita njia wasikichafue kabla ya ukaguzi. Mkewe alikuwa na ufunguo wake, akiondoka nao alfajiri kwenda sokoni. Huu mwingine ulishinda naye mikutanoni. Mikutano ya vyoo, hebu fikiria! Mama hakuwahi kuuomba, na yeye, lo, hakuwahi hata kujiuliza mama anakwenda wapi. Uso ukamwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Angenyamaza tu, tangi lingekuja. Nani angejua?

Akapiga magoti kwenye chokaa, akamshika mama mkono. "Yaache, mama. Yaache hapo hapo." Akawageukia watu. "Mama hajachanganya kitu, jamani. Choo nimekifunga mimi. Ufunguo ninao."

Safari hii hakucheka mtu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Muuguzi akainamisha macho.

Mwenyekiti akauchomoa ufunguo, akamwekea mama kiganjani, juu ya majivu. Bibi akausogelea uso wa mwanawe, akamnong'oneza:

"Sasa niruhusu niende, baba. Nimejibana tangu asubuhi. Leo huko nyuma ya zahanati kumejaa watu wa mkutano wako."