Dada Panga na Kiini Chepesi

Pale kazini walimwita Dada Panga, kwa kuwa hakuna mfumo aliougusa bila kuupunguza. Na yeye, badala ya kukereka, alilivaa jina hilo kama nishani.

Asubuhi moja bosi wake alimjia mezani. "Dada, mitambo mipya ya simu inazungumza kwa itifaki ya SCTP, lugha yao ya kuwasiliana, na seva yetu haiielewi. Hebu iwezeshe."

Mtu mwingine angeiwezesha akaenda kunywa chai. Dada Panga aliona kazi ndogo hivyo ni matusi. Akaamua kuunda upya kiini cha mfumo, ile programu ya ndani inayotambua na kuendesha kila kifaa cha seva, kiwe chepesi kama unyoya.

Akafungua orodha ya vipengele. SCTP, ndiyo. Sauti? Seva haiimbi, ondoa. Kibodi? Nani ataandika ndani ya chumba cha mitambo, ilhali yeye huingia kwenye seva kwa mtandao akiwa kwenye kiti chake? Ondoa. Aina za kadi za mtandao orodhani zilikuwa lukuki, akabakiza moja aliyodhani ndiyo iliyomo kwenye seva. Hakwenda kuitazama. Kutazama ni kwa wenye mashaka.

Akaiwasha seva upya. Kimya.

"Imeamka?" bosi aliuliza.

"Inajinyoosha," alijibu, huku akitembea upesi kuelekea chumba cha mitambo.

Kioo cha seva kilionyesha mambo shwari kabisa: SCTP imo, mfumo unamsubiri aingie. Kadi ya mtandao tu ndiyo haikuwepo. Ile aliyoibakiza orodhani haikuwa ya seva hiyo. Akachomeka kibodi, akabonyeza. Wapi! Akabonyeza kwa hasira. Akaleta kibodi nyingine, akailaani na waya wake, mpaka alipokumbuka ni nani aliyeamuru kibodi iondolewe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Akaangua kicheko.

"Kuna nini?" Bosi alikuwa mlangoni.

"Nimejifungia nje, bosi. Na ufunguo nimeutupa mwenyewe."

"Wateja je?"

"Wako kwenye seva ya akiba. Hapa aliyeumbuka ni mimi peke yangu."

Akaizima seva kwa kitufe, akaiwasha. Kabla kiini hakijaamka, kibodi ilikubali, akachagua kiini cha zamani, ambacho bado kilikuwa kimehifadhiwa humo. Kila kitu kikarudi. Ndipo, kwa kuchelewa, akafanya alichopaswa kufanya mwanzo: akachungulia ndani ya kiini hicho alichokidharau. SCTP ilikuwamo tangu zamani, imewekwa kando, inangoja kuitwa tu. Akaiita kwa amri ya mstari mmoja. Mitambo ikaanza kuitikiana.

Bosi alifuta machozi ya kicheko. "Wiki ijayo utawafundisha wenzako namna ya kuunda kiini."

"Au namna ya kutokuunda?"

"Hiyo hasa."

Akakubali papo hapo. Katika somo hilo, alijua, hapakuwa na aliyemzidi uzoefu.