Mtaa Wenye Mwenyewe

Barua hiyo ya kumlalamikia mwalimu siibebi, mama, anasema binti yangu Siwema, na ukiipeleka mwenyewe, kemia naacha, nahamia historia. Namwambia, huachi kitu. Mwalimu Chilongola amekunyima alama kwa jibu sahihi, na mimi stashahada yangu ya maabara sikuiokota sokoni. Tawi la mnyororo wa kaboni huhesabiwa kutoka upande unaotoa namba ndogo. Lipo kwenye kaboni ya pili, basi ni asidi mbili-methilibutanoiki. Mwalimu anasema tatu, anasema Siwema, amesema mbele ya darasa zima, baada ya mimi kujibu kwamba mama kasema mbili. Anaingia jikoni kuchochea maharage. Mimi najilaza kwenye kochi, daftari lake kifuani, jua la saa nane miguuni, na kabla sijamaliza kuudhika kochi linakuwa barabara.

Barabara haina mwisho na watu wanatembea wawili wawili, wameshikana mikono. Kando yangu yupo mwenyeji asiye na uso, mahali pa uso pako laini kama mfuniko wa sufuria. Namuuliza, hawa mbona hawaachani? Kitendawili, anasema. Nasema tega. Pacha wawili, moto mdogo hauwatenganishi. Namwambia hicho rahisi, ni molekuli za asidi, zinashikana mbili mbili, ndiyo sababu zinachelewa kuchemka, tega kigumu. Hacheki, hana cha kuchekea. Tunaingia mji ambao kila nyumba ni kaboni na kila mtaa una harufu yake na mimi nanusa kila kona kama paka. Mtaa wa nyumba moja unawasha kama majimoto, wale chungu wekundu wa mitini. Wa nyumba mbili ni siki tupu. Wa nyumba nne, siagi iliyooza. Mitaa mifupi inashuka mtoni na kuyeyuka yote, mirefu inabaki ukingoni na mikia yake ya mafuta, na mtu akiimwagia magadi inageuka sabuni. Kwenye uwanja kuna harusi, asidi anaolewa na alkoholi, na wanaposhikana tone la maji linadondoka kati yao na hewa yote inanukia ndizi mbivu. Nauliza, maji ya nani, ya bibi au ya bwana? Kila mmoja ametoa kipande, anasema mwenyeji, na harusi inakuwa barabara tena, na barabara inakuwa mtaa unaonuka soksi za wiki nzima.

Huu naujua. Ni ule wa daftarini, nyumba nne na kibanda kimoja cha pembeni, ndilo tawi. Upande wa pili wa barabara upo mtaa huohuo, umegeuzwa kama kwenye kioo. Mwenyeji anauliza, kibanda kiko nyumba ya ngapi? Nahesabu kutoka nilipoingilia, ya pili. Navuka barabara, nahesabu tena kutoka nilipoingilia, ya tatu. Narudi, ya pili. Nasema, inategemea umeingilia wapi, chukua ndogo, mbona jambo dogo. Anasema, kitendawili. Nasema tega, lakini sasa sauti yangu imepungua. Ukiingia kijijini kwa nyuma, kupitia mashambani, mwenyekiti wa kijiji anakuwa nani? Nasema, yuleyule. Nikishasema, naiona nyumba ya mwisho, yenye oksijeni mbili mlangoni, na haidrojeni imesimama kizingitini tayari kuondoka. Bila nyumba hiyo mtaa huu ungekuwa mafuta tu, hauna uchachu, hauoi wala hauolewi. Namba ndogo ni kanuni ya mtaa usio na mwenyewe. Huu unaye, na hesabu inaanzia kwake. Moja, mbili, tatu. Kibanda kiko nyumba ya tatu kote kote, huku na kiooni.

Nasimama. Miguu iko sakafuni, au barabara imeniingiza tu ndani kwangu, sijui, maana harufu ya soksi bado ipo na Siwema yuko jikoni amenipa mgongo, sina hakika akigeuka nitaona uso. Sisubiri ageuke. Naichukua mezani barua niliyomwandikia mwalimu, naisukuma ndani ya jiko chini ya maharage, inashika moto. Namwambia, ni tatu, nilikosea mimi, na kesho ukisimama darasani sema hivyohivyo, mama kakosea.